Mama Aliyesema Si Mbali

Wapendwa, fungeni vitabu kidogo mnisikilize. Nina mama mmoja nataka mumfahamu. Mjane, anakaa ng'ambo ya mto, kule ambako barabara inaishia lakini watu bado wapo. Mama huyu alikuwa na sifa moja: mgeni hatoki kwake na njaa, na mgeni hasikii shida kwake. Hata kama jana alilalia uji mtupu, ukimuuliza habari atakujibu, "Nzuri tu, mwanangu." Mnamjua? Mnamjua sana. Wengine mmelelewa naye.

Aliishi na mkwe wake, mke wa mwanawe, binti aliyekuwa na mimba ya kwanza, tena kubwa. Mjukuu huyo ndiye aliyekuwa furaha yote ya yule mama. Alishamfumia hata kofia.

Basi, siku moja ya kiangazi akafika kijana wa serikali. Kazi yake ilikuwa kupima: watu wa kila upande wa wilaya wako mbali kiasi gani na matibabu? Upande utakaoonekana uko mbali zaidi ndio utakaojengewa zahanati. Kazi njema kabisa, msimcheke. Alikuwa na simu yenye ramani, na ramani ilishachora mstari ulionyooka kutoka pale hadi kituo cha afya, mstari mfupi, ukapita juu ya mto kana kwamba hakuna mto. Lakini kijana hakuwa mjinga. Alitaka kusikia kwa wenyeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Maskini, umechoka wewe! Kaa kwanza."

Kuku akakamatwa. Mchele uliokuwa umewekwa akiba ukatolewa. Kijana akala, akashiba, akanawa mikono, ndipo akauliza: "Mama, kutoka hapa hadi kituo cha afya ni mbali?"

Sasa jamani, mgeni ameketi kwako, na bado ana safari mbele yake. Utamwambia njia ni mbaya? Utaanza kumlilia shida zako hata chakula hakijashuka tumboni? Sisi hatukulelewa hivyo. Yule mama akatabasamu, akasema, "Si mbali, mwanangu. Ni hapo tu, ukishavuka mto."

Mkwe wake, aliyekuwa akiondoa vyombo, akasimama. "Lakini mama, mto ukijaa..."

Mama akamtupia jicho. Mnalijua jicho hilo. Binti akatoka na vyombo vyake. Kijana akaandika alichoambiwa, akashukuru, akaenda zake.

Masika yakaja. Mto ukajaa, kama unavyojaa kila mwaka, na asubuhi moja uchungu ukamshika binti. Majirani wakafunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili, wakambeba. Kuvuka haikuwezekana. Ikabidi wazunguke kufuata daraja, huko juu milimani, kwenye utelezi, wakipokezana mabega, na yule mama pembeni amenyanyua kanga kumkinga mkwe wake na mvua. Binti akauliza, "Mama, bado sana?" Yule mama, bingwa wa maneno ya kupoza, siku hiyo alijibu kwa machozi. Alilia njia nzima. Walifika jua likiwa limeshapinda. Binti waliwahi kumwokoa. Mtoto hawakumwahi.

Maji yalipopungua, yule kijana akapita tena akielekea vijiji vya mbele. Hakujua lolote. Akaona si adabu kupita bila kumsalimu mama aliyemlisha.

"Habari za hapa, mama?"

Kinywa cha mama kikafunguka chenyewe, kwa mazoea. Lakini kabla hajajibu, mkwe wake, ambaye kwa desturi hazungumzi mbele ya wageni, akasema: "Mbaya."

Mmewahi kusikia mtu akijibu hivyo? Kijana akadhani masikio yamemdanganya.

"Habari ni mbaya," binti akarudia. "Mtoto wangu alifia njiani, tukizunguka mto."

Kijana akakaa chini palepale kwenye vumbi. "Mama," akasema, "mbona uliniambia si mbali? Zahanati wameshapewa wengine."

"Ulikuwa mgeni wangu," mama akajibu, huku akijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Na wewe, mwanangu, mbona uliniuliza ukiwa umekaa?"

Ndugu zangu, naona wengine mmeshamnyooshea kidole kijana. Wengine mama. Haya, rudisheni vidole. Sisi hapa tunakutana mlangoni kila Jumapili, tunaulizana habari, tunajibiwa nzuri, tunapita. Mwenye njaa, nzuri. Anayepigwa nyumbani kwake, nzuri. Aliye na uvimbe na hajui aende wapi, nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Nani ametufundisha kwamba kuficha maumivu ni adabu? Si Mungu. Mungu anataka kilio chetu akisikie, na aliyetumwa kutuuliza anahitaji kukisikia pia. Inaniuma kusema, lakini watoto wengine tumewazika kwa sababu ya upole wetu. Na wewe uliyepewa kazi ya kuuliza, usiulize ukiwa kwenye kiti. Tembea njia ya mgonjwa, ndipo uandike.

Mmesikia tangazo: Alhamisi wapimaji kama yule kijana wanakuja hapa kwetu. Nawajua, mama zangu, najua hata kuku wa kuchinjwa wameshachaguliwa. Nawaombeni, msiwaandalie kwanza. Wakishuka tu kwenye gari, washikeni mkono, muwapeleke kule korongoni tunakopitisha wagonjwa wetu, washuke na kupanda kwa miguu yao wenyewe. Chakula watakula wakirudi.