Sultani Aliyekataza Vibao

Hapo zamani, katika mji mdogo wa Kiwambani, alikuwako Sultani akiitwa Mahfudhi, mtu mwema, ila alipenda mno kila kitu kiwe kimenyooka. Mwaka mmoja akaamuru nyumba zote zipakwe chokaa, zikapakwa, mji ukameta. Akatoka kuutazama, na moyo ukamfurahi mpaka alipoona vibao vya wenye maduka: hiki kimepinda, kile rangi imechuruzika, na kingine samaki aliyechorwa afanana na paka. Akaviona kama viraka katika kanzu mpya. Basi mpiga mbiu akazungushwa mjini, akitangaza:

"Sikieni nyote! Sultani amekataza kibao chochote kisemacho kilichomo dukani. Atakayekaidi, duka lake litafungwa!"

Vibao vikang'olewa siku ile ile. Matajiri wa njia kuu hawakudhurika, maana bidhaa zao zilijaa hadi barazani na kila mtu aliziona. Walioumia ni wale wadogo wa vichochoroni, ambao milango yao yote ilikuwa sawa, myeupe, imefungwa nusu kwa sababu ya jua. Wageni waliokuja sokoni wakawa wanapita tu.

Miongoni mwa hao alikuwamo mjane mmoja, Bi Mwanatumu, mpishi wa mikate ya kumimina. Na katika baraza yake alikuwa akishinda mtu aitwaye Bwanakheri, hana mbele wala nyuma, kazi yake maneno. Kila asubuhi Bi Mwanatumu humpa mkate ulioungua pembeni, naye humlipa kwa kumchekesha.

Asubuhi moja Bwanakheri akaja, akapewa mkate mzima, haukuungua hata kidogo. Akashangaa.

"Bibi, leo kuna harusi?"

"Kula tu, mwanangu. Mikate yote imebaki tangu jana. Nikimaliza unga huu nazima jiko, nakwenda shamba kwa kaka yangu. Hapa hapana tena maisha."

Bwanakheri akaula mkate ule, na kwa mara ya kwanza hakuona ladha yake. Kisha akainuka, akatafuta ubao mkuukuu, akachukua kaa la jikoni, akaandika, akautundika mlangoni: HAPA HAKUNA MIKATE YA KUMIMINA.

"Mwendawazimu wee!" Bi Mwanatumu akapiga kelele. "Utanifungishia duka kabla sijalifunga mwenyewe!"

Lakini mpita njia wa kwanza akasimama, akasoma, akacheka, akachungulia. "Hakuna kweli? Mbona nasikia harufu?" Akanunua mikate miwili. Wa pili akaja kutazama alichochekea wa kwanza. Ikawa kabla ya alasiri sahani ni tupu. Kesho yake mshona viatu naye akatundika chake, HAPA HAPASHONWI VIATU, na muuza dawa naye, hata kichochoro kizima kikawa kinakana biashara zake, na watu wamejaa.

Habari zikamfikia Sultani. Bwanakheri akaletwa barazani pake, askari huku na huku.

"Ni wewe uliyevunja amri yangu?"

"Allah akuweke, bwana wangu, mimi nimeishika kwa mikono miwili. Ulikataza kibao kisemacho kilichomo dukani. Vile vyasema kisichokuwamo."

Sultani akauma mdomo asicheke. "Basi umezidisha kosa, maana ni uongo. Yule mama anapika mikate."

"Tuma mtu sasa hivi akanunue, bwana."

Askari akatumwa, akarudi mikono mitupu. "Mikate imekwisha, bwana. Watu wameigombania."

"Waona?" akasema Bwanakheri. "Kibao ni kweli tupu. Tangu kilipotundikwa, mikate haikai."

Wazee wa baraza wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Sultani akaona haya, akakunja uso.

"Hizo ni hila za maneno. Mji huu naujua kama kiganja changu. Mtu mwenye akili afika dukani bila kibao!"

"Pengine sisi ndio hatuna akili, bwana wangu. Tufundishe. Kesho ni Ijumaa. Vaa nguo za kawaida, uende peke yako ukapunguzwe ndevu kichochoroni petu, bila kumwuliza mtu."

"Nitakwenda. Nikirudi nimenyolewa, wewe utahama Kiwambani usirudi. Nisipofika, amri nitaibadili kama utakavyo."

Bwanakheri akatoka akijilaumu kwa ulimi wake. Alizaliwa Kiwambani, hakujua mji mwingine, wala mtu mwingine wa kumpa mkate. Na kinyozi alikuwako kweli; ilitosha Sultani abahatishe mlango tu.

Ijumaa asubuhi Sultani akaja na kanzu iliyofifia na kilemba kilichoshuka hadi nyusini. Bwanakheri, ameketi barazani kwa Bi Mwanatumu, akamwona akisita mbele ya milango, mweupe huu, mweupe ule. Kisha Sultani akachungulia mmoja: ndani mzee ananoa wembe, pembeni kigoda, beseni la maji na kitambaa safi. Akatabasamu, akaingia. Bwanakheri akashika kichwa, maana mlango ule haukuwa wa kinyozi. Ulikuwa wa Mzee Shekuwe, ngariba, atahiriye watoto wa mji.

"Karibu, bwana," akasema ngariba. "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani? Nimekuja mwenyewe."

Ngariba akamtazama mtu mzima yule juu hadi chini. "Wewe mwenyewe! Haya, si neno. Wengine huchelewa kidogo."

"Fanya upesi, nataka kuwahi msikitini. Lakini punguza kidogo tu. Aliyenikata mara ya mwisho alikata mno, hata mke wangu akanicheka."

"Mara ya mwisho?" Sauti ya ngariba ikapanda. "Kwani wewe hukatwa mara ngapi?"

"Kila Ijumaa."

Wembe ukamponyoka mzee. Akauokota, akaufuta. "Basi una subira, bwana. Sijapata kuona. Haya, bismillahi, pandisha kanzu."

"Nipandishe kanzu? Kwa ajili ya ndevu?"

"Ndevu? Mimi ni ngariba!"

Watu wa kichochoro wakaona mtu akiruka kizingiti, kanzu ameishika kwa mikono miwili, kilemba kimebaki nyuma. Wakamtambua, wakajitupa chini. Sultani akasimama akihema, akamwona Bwanakheri amejikunyata barazani, hajui acheke au akimbie. Kisha kicheko kikamshika Sultani mwenyewe, akacheka mpaka akaketi chini, machozi yakimtiririka katika zile ndevu zisizopunguzwa.

"Umeshinda," akasema alipopata pumzi. "Sema amri iweje."

"Kila duka liwe na kibao chake, bwana wangu, hata kikipinda. Ila kisimzibie jirani, wala kisimgonge mtu kichwa."

"Imekuwa. Nawe, tangu leo ndiwe mwandishi wa vibao vya mji, utakula na kuvaa kwa mkono wangu. Bi Mwanatumu na wenzake utawaandikia baadaye. Kwanza anza na mlango huu." Akamwonyesha kwa Mzee Shekuwe, huku akijifunika vizuri kanzu yake. "Andika kwa herufi kubwa, Bwanakheri. Tena uchore picha ya wembe, kwa ajili ya wasiojua kusoma."

Wakaishi hivyo Kiwambani, na aliyenisimulia mimi alisema kinyozi naye alipata kibao siku ile ile, kabla ya adhana.