Vidole vya Odilo

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii hutajwa zaidi pale mzazi anapositasita kushika fimbo, lakini fimbo siyo kitu pekee kinachomliza mtoto. Kuna maji baridi, kuna dawa chungu, na kuna mkono wa mama unaouma kwa sababu unatibu. Fidelia aliijua methali hiyo tangu alipokuwa msichana wa shule ya misheni. Maana yake alikuja kuijua akiwa mama.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ambayo wanaume wa Ubena walikuwa wakiandikishwa na kupakiwa kwenye malori kwenda kukata mkonge Tanga. Agustino, mumewe Fidelia, alikuwa miongoni mwao. Alimwacha mkewe katika kijiji kilichopo kando ya njia ya Njombe na Makambako, pamoja na Vestina, mama mzazi wa Agustino, na mwanawe Odilo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha maneno. Alimwacha pia na mimba, ingawa wakati wa kuagana hakuna aliyekuwa na habari.

Msimu ule wa baridi ulikuwa mkali. Asubuhi umande uliganda juu ya majani ukameta kama chumvi, na ukungu haukuondoka bondeni mpaka jua lilipopanda sana. Fidelia aliamka nao ukungu huo. Alichimba viazi, akateka maji, akachanja kuni, kisha akachimba viazi tena. Mwili wake ulichoka uchovu ule usioondolewa na usingizi wa usiku mmoja.

Alasiri moja alirudi na tenga la viazi kichwani, mgongo ukimuuma. Odilo alimpokea mlangoni kwa kilio cha njaa. Akabandika chungu cha uji juu ya mafiga, akakoroga mpaka ukaanza kutokota, kisha akaketi, akaegemea ukuta. Hakukusudia kulala. Aliyafumba macho apate kuyapumzisha tu, na usingizi wa mang'amung'amu ukamchukua.

Njaa haina subira, na mtoto hajui moto mpaka umuunguze. Odilo aliinama juu ya chungu, akautia mkono wa kulia ndani ya uji.

Ukelele wake ulimwamsha mama yake kama radi. Vestina, aliyekuwa uani akipura maharage, alifika kabla mkwewe hajasimama sawasawa. Alimnyakua mjukuu, akamchomoa kikuku cha shaba kifundoni kabla mkono haujavimba, akaanza kuumiminia maji ya mtungini, kata baada ya kata, uji ule mzito ukibanduka na kudondoka chini.

Maji ya Njombe wakati wa baridi si ya mchezo. Odilo alipiga kelele, akajinyonganyonga kama samaki aliyetolewa majini. Letisia, jirani yao, aliingia mbio.

"Majivu! Pakeni majivu!" alisema. "Au samli. Mama Odilo, samli unayo?"

"Samli ni ya kukaangia," alijibu Vestina bila kugeuka. "Ukimpaka samli utazidi kumkaanga. Na hayo majivu nani atakuja kuyatoa kwenye kidonda?"

Fidelia alipiga magoti kando yao. "Mama, basi," alisihi. "Maji ni baridi mno, yanamtesa. Tazama midomo yake."

"Mfunike mwili kwa blanketi. Mkono niachie mimi."

"Anakufa kwa kilio, Mama!"

"Anayelia hajafa," alisema Vestina, akachota tena.

Alimwagia maji hadi bega lake mwenyewe likafa ganzi. Kilio kikapungua polepole, kikawa kwikwi. Ngozi ya kiganja ilikuwa imetoka malengelenge, na Letisia alipotaka kuyapasua kwa mwiba alikatazwa. Vestina aliufunika mkono kwa kitambaa safi bila kuukaza, akamwambia mkwewe ambebe mtoto mgongoni waende misheni kabla jua halijazama.

Pale misheni kulikuwa na zahanati ndogo, na dresa wake, mfunga vidonda, aliitwa Yosefu, mtu mpole mwenye sauti ya taratibu. Aliusafisha mkono, akaufunga bendeji, akawataka warudi mara kwa mara. Walirudi. Wakati mwingine walinyeshewa njiani, wakati mwingine Fidelia alisimama katikati ya mlima kwa kuishiwa pumzi, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Hata hivyo kidonda kilikauka, ngozi mpya ya rangi ya waridi ikaota. Fidelia akashukuru Mungu, akadhani safari imekwisha.

"Bado, mama," Yosefu alimwambia. "Ngozi ya moto ikipona hujikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani. Hivi vidole uvinyooshe kimoja kimoja, asubuhi na jioni, na wakati wa kulala umfungie kibao hiki. Atalia sana. Akilia, wewe endelea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokwambia basi."

Mwanzoni walifanya wawili. Vestina alimpakata mjukuu, akamwimbia nyimbo za Kibena, na Fidelia akavuta vidole. Odilo alilia, wakamwacha alie, kisha wakampa kiazi cha kuchoma. Mambo yalikwenda vizuri hadi habari zilipofika kwamba binti wa Vestina aliyeolewa Makambako amejifungua na hali yake si nzuri. Bibi akafunga mzigo.

"Vidole, mwanangu," alimwambia mkwewe barazani. "Mengine yakikushinda yaache. Hivyo usiviache."

"Sitaviacha, Mama."

Na kweli hakuviacha upesi. Lakini sasa alikuwa peke yake. Alipotoka shambani miguu imemvimba, alimkuta Odilo amejificha nyuma ya ghala, mkono ameuficha mgongoni. Alipomshika, mtoto alimwita, "Mama mbaya! Mama mbaya!" Neno hilo lilimchoma Fidelia kuliko mzigo wowote wa kuni. Jioni moja alimtazama mwanawe akitetemeka hata kabla hajaguswa, akasema moyoni, "Leo nimechoka. Kesho." Akamwacha. Odilo akala vizuri, akacheka, akalala kifuani pake.

Kesho ilipofika nayo ikawa na kesho yake. Kibao kikaachwa kwanza usiku, kisha kikasahaulika kabisa. Nyumba ikatulia, ikawa haina kilio tena.

"Umefanya vema," Letisia alimfariji. "Mtoto mdogo kuteswa vile! Mkono si umepona? Vitanyooka vyenyewe akikua."

Fidelia alitaka kuamini, akaamini. Alipoona Odilo amezoea kula kwa mkono wa kushoto, aligeuza uso. Alipoona vidole viwili vya mwisho vimelala ndani ya kiganja na havitoki, alijiambia kwamba atamngoja Bibi arudi.

Vestina alirudi mvua za kwanza zilipoanza. "Kamwene!" alisalimu kwa Kibena kutoka njiani, akiwa amechoka na vumbi la lori limemganda usoni. Odilo alimkimbilia. Bibi akatoa ndizi mbivu, akamnyooshea. Mtoto akaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Pokea kwa mkono wa adabu, mjukuu wangu."

Odilo akautoa wa kulia. Vestina akaushika, akaugeuza, akajaribu kuvikunjua vidole. Alikaa chini palepale juu ya majani mabichi.

"Tangu lini?" aliuliza.

Fidelia alisimama mbele yake, tumbo limekwisha kuwa kubwa. Angeweza kusingizia homa au kazi. "Tangu ulipoondoka, Mama. Siku chache tu baada yako. Alikuwa analia. Nami nilikuwa nimechoka."

Vestina hakumkaripia. Pengine angemkaripia ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Wote tumechoka, mwanangu," akanyanyuka kwa kushika magoti, na kesho yake wakashika njia ya misheni.

Yosefu alivijaribu vidole kimoja kimoja. "Hivi vitatu vitafunguka kwa taabu," alisema. "Hivi viwili vya mwisho vimeshika. Labda kisu cha daktari mkubwa, mbali huko, kama mtaweza kufika. Na baada ya kisu ni kunyoosha tena, mama. Kilio ulichokikwepa bado kinakungoja mbele."

Fidelia alijifunga kibwebwe. Aliloweka mkono wa mwanawe katika maji ya uvuguvugu, akavuta vidole asubuhi na jioni. Ngozi iliyokuwa laini sasa ilikuwa ngumu, na maumivu yalikuwa makali kuliko yale ya mwanzo. Odilo alilia, mama yake akalia pamoja naye, lakini mkono wake haukusimama. Hata uchungu wa uzazi ulipomshika alikuwa amemaliza kumnyoosha Odilo vidole muda mfupi tu uliopita. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilirudi. Vile viwili vilibaki vimejikunja kama makucha ya ndege aliyelala tawini.

Agustino alirudi mkataba wake ulipokwisha, amekonda, mikono yake imechanjwa na miiba ya mkonge. Alimkuta mtoto mchanga asiyemfahamu, na Odilo aliyemsahau. Ili wazoeane, alikata mpini, akaupachika kijembe kidogo, akampeleka mwanawe kwenye tuta la viazi nyuma ya jiko.

"Shika hivi, baba. Mkono wa kulia mbele."

Odilo alijaribu. Vidole vilivyolala kiganjani vilizuia mpini kuingia, ukamponyoka. Akajaribu tena, ukaanguka. Hakulalamika wala hakununa. Aliuhamishia mkono wa kushoto kama mtu aliyezoea, akaanza kuchimba upande upande.

"Huu mkono umepatwa na nini?" Agustino aliuliza, akimtazama mkewe.

Vestina, aliyekuwa akimpakata mtoto mchanga, alifungua kinywa ili ajibu, lakini Fidelia alimtangulia. "Moto ulianza," alisema. "Mimi nikamalizia. Nilimwonea huruma siku aliyohitaji nimwumize."

Agustino alichuchumaa kando ya mwanawe. Fidelia aliingia jikoni, akaketi chini, akajifunika uso kwa kanga, akalia kilio cha mtu aliyekuwa akikibeba kwa muda mrefu. Huko nje Odilo aliendelea kuchimba kwa mkono wake mmoja, macho makavu, akimwonyesha baba yake kila kiazi alichokipata.

Ndivyo ilivyo kweli: mchelea mwana kulia, hulia yeye.