Kiboko Alivyokarabati Uwanja wa Mashimo Tisa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa uwanja!

Uwanja wa nani?

Wa wote!

Waongo nyinyi. Ulikuwa wa wote. Kaeni chini niwaambie ulivyoacha kuwa wa wote, na anayetaka kusinzia aondoke sasa hivi. Ngano hii kila nikiisimulia napandwa na hasira, na leo nimeanza kukasirika kabla hata sijafika katikati.

Hapo kale wanyama walikuwa na uwanja wa mashimo tisa. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza: unaweka chini kokwa la koche, ile mbegu ngumu kama jiwe, unalipiga kwa fimbo, ko! Unalifuata, unalipiga tena, ko! Mpaka liingie shimoni, penye kibendera. Anayemaliza mashimo yote kwa mapigo machache ndiye mshindi, na anaimbwa mpaka jioni. Hapakuwa na zawadi nyingine.

Uwanja ule ulichimbwa na mababu, na ulikuwa mgumu. Sikilizeni vizuri hapo: ulikuwa mgumu. Shimo la pili lilijificha nyuma ya kichuguu. Njia ya shimo la nne ilikuwa na kisiki cha mninga katikati, na hakuna aliyejua nani alikiacha pale. Kwenye shimo la saba upepo uligeuka kila ulipoinua fimbo. Lakini ugumu wake ulikuwa wa haki. Tembo alipiga mbali, akapotelea vichakani. Mzee Kobe alipiga karibu, akanyoosha, akapita. Leo anashinda Nyati, kesho Digidigi, keshokutwa Kanga. Walikasirika, wakacheka, wakarudi tena kucheza.

Sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: kokwa hupigwa pale lilipolala. Limelala kwenye tope, lipige kwenye tope. Limelala kwenye mavi ya tembo, pole, lipige humo humo. Kulishika kwa mkono ni mwiko. Ya pili: anayebadilisha shimo ndiye anayelifungua. Alicheze yeye kwanza, wote wakimtazama, na asiondoke wala asionje maji mpaka kokwa liingie. Mababu hawakuwa wajinga. Walijua mpishi asiyeonja chakula chake atawalisha wenzake mawe.

Sasa, Bwana Kiboko. Alikuwa na nguvu, alikuwa na tumbo, na bado havikumtosha. Mzee Kobe alimshinda mara tatu mfululizo, na mara ya tatu vifaranga vya Kanga vilicheka. Kiboko akazunguka kwa wakubwa wenzake, akawaahidi hiki na kile, akatoka huko akiwa Mwenyekiti wa Uwanja. Siku ya kwanza tu akatangaza kwamba uwanja umechakaa, unatia aibu mbele ya wageni, lazima ukarabatiwe. Wageni gani? Hakuna aliyeuliza. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Akakarabati. Kichuguu, pwaa, kikabomolewa. Kisiki cha mninga, kra, kikang'olewa. Vichaka vikafyekwa, njia zikanyooshwa na kurefushwa maradufu. Yakachimbwa mabwawa matatu mapana, maana yeye anapenda kuoga. Kuzunguka mashimo zikapandwa nyasi laini, maana yeye anapenda kula. Na kweli mashimo aliyafungua yeye mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Kokwa likianguka majini, kwa Kiboko si tatizo: alizama, akalipiga huko huko chini.

Kisha wadogo wakacheza. Digidigi akapiga, ko! Chubwi! Kanga akapiga, ko! Chubwi! Mzee Kobe akapiga, ko! Chubwi! Mwenyekiti akatoa tangazo: atakayezamisha kokwa mara tatu hafai kucheza, na kazi yake tangu siku hiyo ni kuwabebea fimbo wanaojua. Mwezi haukuisha, Mzee Kobe, bingwa wa mabingwa, alikuwa anajikokota nyuma ya Kiboko na fimbo tano mgongoni.

Hata wakubwa wenyewe raha iliwaisha. Nyati alikiri siku moja kwamba sasa anashinda kila mara na hafurahi, na hajui kwa nini. Mimi najua kwa nini. Kumshinda mtu uliyemfunga miguu hakuna utamu wowote.

Bi Fuko hakuwa mchezaji. Macho yake ni madogo, jua linamsumbua. Aliishi chini ya ardhi, jirani na shimo la tisa, na watoto wanne ambao macho yao yalikuwa hayajafunguka. Siku hiyo akasikia vigingi vinapigwa juu ya dari yake, ta, ta, ta. Akatoa pua nje, akaamkia, akauliza kulikoni. Kiboko akamwambia hapo pake litachimbwa bwawa la nne, kesho asubuhi.

"Nina watoto humu ndani, Bwana Mwenyekiti. Bado wachanga."

"Wafundishe kuogelea."

Basi. Hayo ndiyo aliyoyasema. Ningekuwa mimi ningemng'ata mguu pale pale. Lakini mguu wa kiboko hausikii meno ya fuko, na Bi Fuko alilijua hilo. Akameza hasira yake, akainamisha kichwa.

"Mimi ni nani nikupinge, Bwana? Nashangaa tu. Bwawa ni rahisi mno."

"Rahisi?"

"Kwa bingwa kama wewe, rahisi mno. Sisi wa chini tunasikia mengi. Wanasema Mwenyekiti anajichimbia maji kwa sababu mchanga anauogopa."

Kiboko akavimba. Akang'oa vigingi vyake huku anafoka, akavihamishia kwenye mteremko mkavu upande wa pili wa shimo la tisa, akawaamuru wabeba fimbo wachimbe shimo la mchanga. Wakachimba, tifu, tifu, mpaka magotini kwa Kiboko. Bi Fuko akatoa pua nje. "Rahisi mno, Bwana." Wakachimba, tifu, tifu, mpaka tumboni. "Rahisi mno, Bwana." Wakachimba, tifu, tifu, mpaka mabegani, mchanga laini chini, kuta zimesimama.

"Na sasa?" akauliza Kiboko.

"Sasa hilo ni la bingwa," akasema Bi Fuko, akarudi chini. Msidhani alikwenda kuomba dua. Alichimba njia chini ya zile nyasi laini, kutoka shimo la tisa mpaka ukingoni mwa mchanga, akaziacha nyasi zimelala juu ya hewa tupu.

Siku ya kufungua jua lilikuwa kali. Wanyama wote wakapanga mstari, wabeba fimbo kila mmoja na mzigo wake. Kiboko akapiga, ko! Pigo zuri, sikatai. Kokwa likaruka, likatua karibu kabisa na shimo la tisa. Nyasi zikabonyea. Kokwa likabingirika polepole, likashika njia ya Bi Fuko, likateremka, pu, mchangani.

Kiboko akateremka nalo. Akapiga, tifu! Kokwa likapanda ukuta, likasita, likarudi. Akapiga, tifu! Likapanda, likasita, likarudi. Pigo la kumi, likarudi. Pigo la ishirini na saba, likarudi. Jua likafika utosini. Ngozi ya kiboko haikuumbiwa jua. Ikakaza, ikaanza kupasuka. Mabwawa yake anayaona pale, na sheria inamkataza maji. Akamnong'oneza Mzee Kobe amletee japo funda moja. Mzee Kobe akajibu kwa adabu zote kwamba fimbo za Mwenyekiti ni nzito, hawezi kuinama kuchota.

Kwenye pigo la sitini na tatu Kiboko akatupa fimbo. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafungua lile domo lake, akalimeza kokwa zima zima.

"Limeingia shimoni," akasema. "Uwanja umefunguliwa. Pigeni makofi."

Hakuna aliyepiga. Bi Fuko, pua yake ikichungulia ukingoni, akasema macho yake hayaoni vizuri, anaomba aelezwe: kokwa liko wapi? Kiboko akasema liko tumboni, na tumbo nalo ni shimo. Bi Fuko akasema shimo la tisa lina kibendera, na tumbo la Mwenyekiti hana hakika kama linacho. Kama halina, basi kokwa halijaingia popote, limelala tu. Na kokwa lililolala sheria yake inajulikana.

Mzee Kobe akashusha mzigo wake chini. Akazitazama fimbo zote tano, akachagua ile nene.

"Samahani, Mwenyekiti," akasema. "Hupigwa pale lilipolala."

Ko!

Akapiga Digidigi, ko! Akapiga Kanga, ko! Akapiga Nyati, ambaye hakuwahi kumbebea mtu fimbo, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu uwanja ukarabatiwe. Kiboko akaukwea ukuta ulioshinda kokwa, akakimbia, pwata, pwata, akapita mabwawa yake yote matatu bila kusimama, mpaka mtoni. Hadi leo mchana kutwa yumo majini, amebakiza macho na pua, anachungulia nani ameshika fimbo.

Watoto wa Bi Fuko walifungua macho siku ya tano, nyumbani kwao, pakavu. Lakini msishangilie sana. Mabwawa yalifukiwa, kisiki kikarudishwa pale pale, kikaegemea upande, kikaoza. Kichuguu hakifinyangwi kwa mikono. Vichaka vilichukua miaka kuota, na vilipoota, waliojua kucheza kati yake walikuwa wazee, fimbo zinawatetemeka mkononi. Wajukuu wakauliza, huu ndio ule uwanja mliokuwa mkiusifu? Wakajibu, hapana, siyo huu.

Ngano yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, kamlalamikieni mwenyekiti wenu. Na funzo lake ni hili, wanangu, mlishike: wakubwa wakija na vigingi, wapisheni, kwa kuwa ukarabati ni maendeleo, na maendeleo hayaulizwi maswali. Na wakiwaambia mbebe fimbo zao, msikatae. Bebeni. Bebeni nyingi, na ile nene msiisahau.