Mbeyu na Mkwe wa Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmemeza kaa la moto? Litemeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, nyani walipokuwa wakisalimia watu kwanza ndipo wawaibie, palikuwa na kijiji kiitwacho Kilulu. Hapo aliishi Chengo, mlinzi wa mashamba. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kilichoinuliwa katikati ya mahindi, na kuwafukuza nyani. Alikuwa na sauti, jamani! Akipiga kelele, "Ondokeni!" nyani walikimbia, mbuzi walikimbia, hata wageni waliokuja kuomba maji walikimbia. Kwa kazi hiyo wenye mashamba walimpa unga wa kusogeza siku, na mavuno yakifika, mahindi kwa vikapu.

Siku moja Chengo aliamka vizuri, akanywa uji, akamtania mkewe. Adhuhuri akasema kichwa kinamgonga. Jua lilipotua, hakuwapo tena.

Akaacha mke, mtoto mchanga mgongoni, wavulana wawili walao kama nzige, na binti mkubwa, Mbeyu.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo Thoya, nduguye marehemu, akakohoa.

"Shemeji, nyumba hii haina wa kuilisha. Watoto tuwagawe. Huyu atachunga mbuzi wangu. Huyu ataenda kwa shangazi. Mbeyu tumtafutie mume."

Mama akamkumbatia mtoto wake mchanga. Mbeyu ndiye aliyejibu.

"Baba mdogo, sisi si nyama ya mbuzi ya kugawanywa. Kazi ya baba nitaifanya mimi."

"Wewe? Kwa sauti hiyo ya kifaranga?"

"Nipe mpaka mavuno. Nikishindwa, njoo utuchukue."

Thoya akacheka, akakubali.

Asubuhi Mbeyu akapanda dungu. Nyani wakaja, na mbele yao mkubwa wao, Bwana Matambo, anatembea kama aliyelipanda shamba yeye.

"Hamjambo wenyewe! Tumekuja kuiba."

"Ondokeni!" akapiga kelele Mbeyu.

Nyani wakatazamana. Mmoja akauliza, "Kuna mbu?"

Wakala mahindi machanga, wakashiba, wakaaga kwa adabu.

Siku ya pili Mbeyu akavaa kanzu ya baba yake na kofia yake, akasimama wima. Nyani walipomwona walianguka kifudifudi.

"Marehemu amefufuka! Yarabi, tusamehe!"

Mbeyu akafurahi, akaruka kwa furaha, akakanyaga pindo la kanzu, akaporomoka kutoka dunguni mpaka chini, pu! Kofia ikaenda huku, yeye kule. Nyani walicheka mpaka wengine wakashikwa na kwikwi. Wakala, wakashiba, wakaaga kwa adabu.

Jioni hiyo wenye mashamba walileta unga kidogo na maneno mengi. Mama akausonga ugali mdogo kama kiganja. Wavulana wakaumaliza, wakalamba sufuria, wakamtazama dada yao. Mbeyu akasema ameshiba. Ameshiba nini, jamani? Ameshiba upepo.

Siku ya tatu hakupiga kelele wala hakuvaa kanzu. Alikaa tu, njaa imemlegeza, akawatazama nyani wakila. Bwana Matambo alikuwa na mahindi mkono wa kulia, mahindi mkono wa kushoto, na mahindi mdomoni, huku akijisifu.

"Nani ananiweza mimi? Simba ananijua! Chui ananijua!"

Mkewe, aliyechoka kuyasikia hayo kila siku, akasema, "Mama yangu huyo nyuma yako."

Lo! Matambo alitupa mahindi ya kulia, akatupa ya kushoto, akameza ya mdomoni na gunzi lake, akaufunika uso kwa viganja. "Shikamoo mama!" Akageuka. Hapakuwa na mtu. Nyani wakaangua kicheko.

Mbeyu hakucheka. Alishuka dunguni, akauliza njia ya mlimani, alikoishi mkwe huyo wa Matambo.

Huko juu akamkuta nyani kikongwe, Bi Sikujua, amejikunyata pangoni.

"Hodi, bibi."

"Karibu. Kama umetumwa na mkwe wangu, mwambie sijafa bado."

"Hakunituma. Kwani hakuletei chakula?"

"Analeta! Mwaka jana alileta gunzi. Mimi sina jino hata moja, ananiletea gunzi!"

"Bibi, mimi nimefiwa na baba, na nina midomo ya kulisha. Njoo ukae na mimi dunguni. Nikipata uji, tutagawana."

Bi Sikujua akamtazama sana. "Uji wa moto?"

"Wa moto."

"Nishike mkono, mjukuu wangu. Mlima huu una mawe."

Baba mdogo Thoya alipomwona nyani juu ya dungu alijipiga paji la uso. "Mnaona? Amemkabidhi fisi bucha!"

Kulipokucha nyani wakaja upande wa mashariki.

"Nani yuko dunguni?" akaita Matambo.

"Ni mimi, mkweo."

"Shikamoo mama! Tulikuwa tunapita tu!" Wakapita tu.

Kesho yake wakaja upande wa magharibi.

"Nani yuko dunguni?"

"Ni mimi, mkweo."

"Shikamoo mama! Tumepotea njia!" Wakapotea njia.

Siku iliyofuata Matambo akamtuma mkewe na watoto. Hao hawamwonei haya bibi huyo, alijisemea, wataniletea. Lakini mke alipomwona mama yake alipanda dunguni, akapewa uji, wakaanza kusengenya. Jua likapanda, likashuka, bado wanasengenya. Mwisho Matambo mwenyewe akaja kutafuta familia yake, macho chini.

"Mkwe wangu," akasema Bi Sikujua, "mikono yako ina kazi?"

"Ha… haina, mama."

"Naona magugu hapo."

Angefanyaje? Mkwe akituma, hukatai. Bwana Matambo aliinama akapalilia. Wenzake, nao waliooa katika ukoo wa Bi Sikujua, walikuja kumcheka, akawauliza kama mikono yao nayo ina kazi. Wakainama wote. Kilulu nzima ilitoka kutazama nyani wakipalilia mahindi, wanang'oa magugu, wanatema mate, wanalaani siku waliyooa.

Mavuno yakafika. Mahindi yalikuwa manene kama mapaja ya mtoto mchanga. Wenye mashamba walileta vikapu mpaka mlango haukufungika.

Thoya naye akaja, na kamba mbili za kuwafunga watoto wasimtoroke njiani. Akawakuta wavulana wamelala chali, matumbo juu, hawana hata nguvu ya kumwamkia. Bi Sikujua akamkazia macho.

"Na wewe ni mkwe wa nani?"

Thoya akazitazama kamba zake. "Mimi… nimekuja kufunga vikapu." Akavifunga, tena vizuri. Mama akampa chakula, akala, akaenda zake.

Mama akampakulia Mbeyu sahani iliyojaa. Mbeyu akamega tonge, akalishika, halikuingia mdomoni. Machozi yakaanza kumtoka.

Mama akashtuka. "Mwanangu, mbona unalia, na sasa chakula tunacho?"

"Namlilia baba," akasema Mbeyu. "Tangu siku ile sikupata nafasi."

Mama akamlaza mapajani, naye akalia. Bi Sikujua akasogea, akaanza kumtafuta chawa kichwani, maana nyani hajui pole nyingine. Hakumpata hata mmoja, lakini aliendelea kutafuta mpaka mtoto akanyamaza.

Kisha Mbeyu akala, akashiba kweli.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naivulia viatu hapo hapo. Anayetaka zaidi akawaulize nyani, ila asiwaulize wakiwa kwa mkwe.