Ngoma ya Mkongeni na Muhuri wa Sultani

Hapo zamani, mito ilipokuwa bado haijui kusoma amri za masultani, na hata leo haijajifunza, alikuwako Sultani Haidari, mtu aliyependa muhuri wake kuliko chakula.

Bondeni Mkongeni kulikuwa na ngoma kubwa juu ya dungu, jukwaa la kulindia mpunga. Mto ukifura hupigwa, watu wakakimbilia kilimani. Sultani akaudhika, kwani kila ikilia wakulima huacha mpunga wake. Basi akatoa amri, ikabandikwa kwenye nguzo ya dungu: ngoma isipigwe ila kwa kibali chenye muhuri, kitakachoombwa kwa waziri langoni pa jumba la Sultani; na atakayeipiga bila kibali, mkono wake ukatwe. Na kufika langoni ni mwendo wa siku mbili.

Masika yakaja, mto ukaanza kufura. Mjumbe akaenda kuomba, waziri akamsifu sana kwa kufuata utaratibu, na kibali kikafika siku ya tano, kwa hati nzuri ajabu. Maji yalikuwa yamekwisha kupita na watu kumi na mmoja, miongoni mwao Mwanatumu, mke wa Chande. Chande huyu alikuwa fukara wa kufukuza ndege, na watu walimwona mpumbavu. Ikawa ndiye aliyepewa kuilinda ngoma, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Mwaka wa pili Sultani akaja mwenyewe na watumishi wake kuukagua mpunga, akatandikiwa zulia bondeni. Mbingu ilikuwa nyeupe, lakini huko juu ya mto mvua ilikuwa imenyesha. Chande akayaona maji mekundu yanakuja na magogo. Akapita shamba kwa shamba akiwaambia watu wapande kilimani, maana amri haikukataza mdomo. Kisha akashika fimbo yake, akaenda kwa Sultani.

"Bwana wangu, nimekuja kuaga. Mto unakuja, nami nakwenda kuomba kibali cha ngoma."

Sultani akageuka, akayaona maji. "Mpumbavu wee! Ipige sasa hivi, walio kilimani watuletee mitumbwi! Si mimi hapa?"

"Mungu akupe uhai, bwana. Amri yasema langoni, kwa waziri, kwa muhuri. Hapa silioni lango, na mikono ninayo miwili tu. Siku ya tano nitakuwa nimerudi. Tafadhali usiondoke."

Zulia likaanza kuelea. "Ni nani aliyeandika upuuzi huu?" akafoka Sultani.

"Sijui kusoma, bwana. Mke wangu naye hakujua, lakini aliitii."

Sultani akapandisha kanzu, akaparamia dungu, akaipiga ngoma kwa mikono yake mpaka viganja vikavimba. Mitumbwi ikashuka, ikawaokoa wote.

Kule kilimani, mbele ya watu wote, Chande akapiga magoti, akaitoa ile amri aliyokuwa ameibandua nguzoni, imelowa chapachapa.

"Bwana wangu, leo ngoma imepigwa bila kibali. Tukate mkono, au tukate amri?"

Sultani akautazama mkono wake uliovimba. Kisha kwa mkono huohuo akaichana amri vipande vipande, na tangu siku ile ngoma ya Mkongeni hupigwa na yeyote ayaonaye maji kwanza.