Sikio la Zimwi na Kitanzi cha Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mnatafuna? Tena.

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Sogeeni mkekani. Najua kesho mnapelekwa zahanati kuchomwa sindano, na namjua aliyeapa kwamba atapanda darini ajifiche. Chausiku, sijakutaja mimi. Sikiliza.

Palikuwa na mji ukiitwa Kiwili. Wanangu, mji huo sijaona wa kuufananisha nao. Ukuta wake uliuzunguka wote bila pengo, na ukichanika mahali mafundi walikuwa wameshafika kuuziba. Malango yake yalipakwa ulimbo, ule wa kunasia ndege, na nyuma ya ulimbo kulikaa upepo mkali. Mgeni mbaya akinasa tu, upepo unamtema nje.

Ndani kulikuwa na mlinzi jina lake Tumbojaa. Walinzi wa miji mingine hubeba mikuki, yeye alibeba mdomo. Kazi yake ilikuwa kula: takataka alikula, wezi alikula, kilichooza alikula. Ila mila ya Kiwili ilimtaka kitu kimoja. Akimla adui aache sikio, alipeleke nyumba ya wafumaji.

Katika nyumba hiyo walikaa wafumaji wa vitanzi, wengi mno, na kila mmoja alizaliwa akijua kufuma kitanzi cha umbo moja tu. Huyu cha duara, yule cha pembe, mwingine kimekaa kama kiatu cha mtoto. Hakuna aliyejua kitanzi chake kitakuja kumnasa nani. Mfumaji hungoja. Akingoja mpaka muda wake ukaisha na sikio la kumfaa halijaletwa, hufunga kifurushi akaondoka, akampisha mwingine.

Basi mmoja wao aliitwa Mashavu. Kitanzi chake kilikuwa na ncha tatu na mkia uliopinda, na wenzake hawakuisha kumtania kwamba labda anamtegea kinyonga. Mashavu hakuwa na mama. Aliyemlea ni Bi Mwanamize, jirani, ambaye kila asubuhi alimletea bakuli la uji na kumwambia, "Ngoja, mwanangu." Naye akangoja, lakini muda wake ulikuwa umebaki kidogo sana.

Siku moja, kiangazi kikali, ulimbo wa malango ukakauka. Zimwi akajikunja ndani ya punje ya vumbi, akapita.

Zimwi huyo hakuwa na nyumba, hakuwa na chungu, hakuwa na mke. Alikuwa na wimbo tu. Akasimama mlangoni pa watu akaimba:

Nyumba njema, nyumba yangu,
nifungulie, nizae wangu.

Mlango ukafunguka wenyewe. Akaingia, akawatumikisha wenye nyumba wamfinyangie mazimwi wengine wa sura yake, mpaka nyumba ikapasuka. Nao wakatawanyika, kila mmoja na mlango wake, wakiimba wimbo uleule.

Tumbojaa akasikia. Akamkamata wa kwanza, akamla. Akamkamata wa pili, akamla. Akamkamata wa tatu, akamla. Alikula mpaka jasho likamtoka, na lazima tumsifu, maana bila yeye mji ungekwisha siku hiyohiyo. Lakini kwa ulafi wake alikula na masikio.

Jumbe wa mji alipomuuliza masikio yako wapi, Tumbojaa alishika tumbo lake akainamisha kichwa.

Basi Jumbe akaamuru kila ua uwashe moto. Mji ukawa tanuri. Watu walinung'unika, chakula hawakukitaka, walijilaza ovyo barazani. Jumbe aliwaambia wavumilie, zimwi hapendi joto. Na kweli, miguu ya mazimwi ikawa mizito, kuzaa kwao kukawa kwa shida. Ila hawakuisha.

Wimbo ukafika kwa Bi Mwanamize, mlango wake ukafunguka. Sasa, huko Kiwili aliyevamiwa hutundika kitambaa dirishani, wabomoaji wakione. Na wakikiona huibomoa nyumba pamoja na mwenyewe, kabla mazimwi hawajaiva. Bi Mwanamize alilijua hilo vizuri. Alivua ushungi wake akautundika.

Wabomoaji walipofika wakasita, kwa sababu walimfahamu. Akawaambia kutoka dirishani, "Msinitazame mimi. Tazameni nyumba zilizobaki. Bomoeni."

Wakabomoa.

Mwanamke yule, jamani.

Tumbojaa alikuwapo. Akamkamata zimwi aliyekuwa akitoroka kwenye kifusi. Akala miguu, akala mbavu, akala kichwa. Sikio akaliacha, ingawa mate yalimdondoka. Akalitundika shingoni, akaenda mbio nyumba ya wafumaji.

Akamuuliza wa kwanza, "Sikio hili ni la kitanzi chako?"

"Si la kitanzi changu. Pita."

Akamuuliza wa pili, "Sikio hili ni la kitanzi chako?"

"Si la kitanzi changu. Pita."

Akauliza nyumba nzima, na wote wakampitisha, hadi akatokea mlango wa nyuma. Pale alisimama Mashavu, kifurushi kichwani, macho yamevimba kwa kumlilia Bi Mwanamize. Siku yake ya kuondoka ilikuwa imefika. Tumbojaa alitaka kumpita, lakini Mashavu akamshika mkono.

"Na mimi niulize," akasema.

Sikio lilikuwa na ncha tatu na mkia uliopinda. Kitanzi kikaingia, kikabana, kikakataa kutoka.

Hata hivyo Mzee Makungu, msimamizi wa nyumba, hakumruhusu kufuma papo hapo. Alilichukua sikio, akaligeuza, akalilinganisha na masikio ya wenyeji mmoja baada ya mwingine. Alijua kwamba vitanzi vikiwanasa wenyeji, mji utajimaliza wenyewe. Aliporidhika akamrudishia, akasema neno moja: "Fuma."

Mashavu akapiga kofi, akawa wawili. Wakapiga kofi, wakawa wanne. Wakapiga kofi tena, na tena, mpaka kuta za nyumba zikavimba na kuuma. Vitanzi vikamwagika barabarani. Zimwi akinaswa sikio sauti humkauka, na asipoimba mlango haufunguki. Tumbojaa alikuja nyuma akiwameza pamoja na vitanzi vyao, na safari hii hakuna aliyemlaumu.

Mioto ikazimwa. Watu wakaomba uji.

Mashavu wengi wakafunga vifurushi wakaenda zao, kazi imekwisha. Mmoja akabaki. Alikaa pale nyumba ya Bi Mwanamize ilipojengwa upya, akiwa na umbo la sikio lile kichwani mwake.

Miaka ikapita, zimwi akarudi, amevaa kilemba kipya. Akasimama mlangoni akaanza, "Nyumba nje—"

Hakumaliza. Jumbe hakujua kama alikuja, na watu hawakuacha hata kula.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami nimeiacha mkekani, atakayeitaka aiokote. Funzo lake ni hili: mji wenye kumbukumbu hauliwi mara mbili na zimwi mmoja.

Chausiku, njoo. Weka kidole hapa, chini ya taya. Panapovimba ukiumwa ndipo nyumba ya wafumaji. Kiwili ni wewe, mjukuu wangu. Joto lile la homa lililokuliza ni mioto ya Jumbe. Na mwuguzi wa kesho hatakuletea zimwi. Atawaletea wafumaji wako sikio tu, mapema, ili asiwepo Bi Mwanamize wa kuvua ushungi wake.

Kulia ruhusa. Lakini mkono utautoa.