Jeki Haijiinui

"Jeki haijiinui." Mmelisikia neno hilo leo kwa Tuponile, muuza maziwa, aliponipokonya ndoo pale bombani nami namwambia naiweza mwenyewe. Mmecheka, kisha mmeniuliza jeki gani hiyo. Haya, kaeni niwaambie. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia hapahapa uani kwetu, na aliyeisababisha ni marehemu babu yenu.

Babu yenu, Fundi Kilasi, alikuwa na gereji ya pikipiki nyuma ya nyumba. Vifaa vya dukani hakuwa navyo, basi alivitengeneza mwenyewe. Dumu la mafuta ya kupikia alilipasua ubavu, likawa la kukingia oili chafu. Miswaki mikuukuu miwili aliifunga pamoja, uso kwa uso, ikawa brashi ya kusafishia mnyororo. Mimi mswaki wangu nilikuwa naulaza chini ya mto. Lakini fahari yake ilikuwa meza. Alichukua vyuma vya kitanda cha wageni, bila kuniuliza, akaviunga upya na kuweka jeki kuukuu ya gari chini yake. Ukizungusha mpini, meza inapanda na pikipiki yake, fundi anafanya kazi amesimama wima. Wageni walipokuja walilala mkekani. Nilinuna, ingawa moyoni nilijivunia mume wangu.

Waendesha bodaboda wote wa mtaa walikuja kwake. Aliyekwama alikwamuliwa, awe na kitu au hana.

Ila babu yenu alikuwa na ila moja: hakujua kusema "ila". Mnajua tunavyosalimiana. Habari za nyumbani? Nzuri, ila mtoto anakohoa. Nzuri, ila mvua imetuharibia maharage. Salamu inatangulia, shida inafuata nyuma. Yeye alisema "nzuri" akafunga mdomo. Aliona haya, mtu wa kuinua wenzake, kuonekana yuko chini.

Masika moja nikashikwa na homa ya mapafu. Dawa za dukani hazikufua dafu, pumzi ikawa inakata. Asubuhi moja babu yenu akaamua kunipeleka hospitali kwa pikipiki yake, ila gurudumu la nyuma lilikuwa limepasuka mpira. Akaipandisha mezani, akalifungua gurudumu, akaziba. Sasa sikilizeni. Chini ya jeki huwa kunawekwa kipande cha ubao, maana uani palikuwa udongo mtupu. Asubuhi ile ubao haukuwapo. Kuni zote zilikuwa zimelowa, naye alikuwa ameuchoma ubao ule ili anichemshie maji.

Jeki ikazama topeni, meza ikalala upande, pikipiki ikakaa chini kiasi kwamba gurudumu halikuingia tena mahali pake. Akazungusha mpini ili ainyanyue. Kadiri alivyozungusha, jeki ilizidi kudidimia. Mimi nilikuwa kitandani, nausikia mpini ule ukilia, nami sina nguvu hata ya kumwita.

Ndipo Tuponile akaingia na pikipiki yake ya maziwa, anataka kukaziwa mnyororo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Tuponile akamtazama. Mvua inamnyeshea, tope limemfika magotini, naye anazungusha tu.

"Baba, niwaite wenzangu wa bodaboda pale kijiweni tuinyanyue?"

"Hapana, mwanangu. Watu wana shughuli zao. Itapanda tu."

"Itapanda vipi? Hiyo imezoea kuinua vitu vingine. Leo yenyewe ndiyo imezama. Jeki haijiinui, baba."

Babu yenu akauachia mpini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Nyumbani nzuri, mwanangu. Ila mama yenu anakufa."

Tuponile hakungoja amalize. Alishusha madumu ya maziwa palepale uani, akanibeba, akaniweka nyuma yake, babu yenu akanishika kwa nyuma. Tukaenda mshikaki, watu watatu pikipiki moja, mpaka hospitali, mimi katikati nikiungua kwa homa. Daktari alisema tungechelewa hadi jioni nisingepona.

Kijiweni habari zilifika kabla hata hatujalala. Niliporudi nyumbani, nimekonda ila nazungumza, nilikuta pikipiki imefungwa gurudumu lake, na uani pamemwagwa zege. Waendesha bodaboda walikuwa wamebeba mchanga kwa pikipiki zao, kiroba kwa kiroba, ili jeki ya fundi wao isizame tena. Ni sakafu hiyohiyo mnayochezea rede kila siku. Babu yenu alisimama juu yake akalia mbele za watu, na hakujificha. Mimi mpaka leo namshukuru Mungu, nawashukuru wao, na hata tope lile nalishukuru.

Basi ndio hivyo. Ukimwona mtu anayeinua wenzake kila siku, usitosheke na "nzuri" yake. Ngoja kidogo, uisikie "ila".

Sasa jua limeshuka na hiki kigoda ni kifupi. Tuponile alisema kweli leo, nami nilimjibu kwa kiburi cha babu yenu. Njooni mnishike, mmoja mkono huu, mwingine huu. Naam, taratibu. Jeki haijiinui.